Maiti Asiye na Ndugu: Uchambuzi wa Kisa cha Tauni ya Mchezoni, 2005

Kisa hiki, cha tauni iliyozuka ndani ya gemu ya World of Warcraft mwaka 2005, kina wasimulizi wa aina mbili, na hawakisimulii sawa. Mcheza gemu hukisimulia kama kichekesho: ile wiki ambayo wanyama wa kufugwa waliteketeza miji mizima. Mtu wa afya ya jamii hukisimulia kama bahati ya mtende: mamilioni ya watu wamekaa mbele ya kompyuta, tauni imeachiliwa katikati yao, na tabia zao zote zinaonekana bila kumzika hata mmoja. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikaa rohoni, nami nimeandika uchambuzi huu kwa ajili yake. Swali langu ni hili: gemu inaweza kutufundisha nini kuhusu tabia za watu tauni inapozuka?

Majina ya wachezaji, ya vikundi vyao na ya seva zao hayamo. Jina la mchezo na la kampuni nimeyaacha, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa hadharani na kuchapishwa katika majarida ya kitaalamu.

Usuli

World of Warcraft ilitolewa na kampuni ya Marekani, Blizzard Entertainment, mnamo Novemba 2004. Haikuwa gemu ya kuiga jamii, bali ya vita, uchawi na majoka. Lakini ilikuwa na kitu ambacho gemu nyingi za kuiga jamii hazina: watu wenyewe. Kufikia Agosti 2005 walikuwa zaidi ya milioni 4 wanaolipia, wamegawanywa katika seva nyingi, na kila seva ni nakala ya dunia ileile yenye wakazi wake, urafiki wake na fitina zake.

Kwa asiyewahi kuicheza, mambo machache ni lazima ayajue kabla ya kuendelea.

Miji mikubwa, hasa Ironforge kwa upande mmoja wa vita na Orgrimmar kwa upande mwingine, ilikuwa kama stendi kuu ya mabasi jioni ya sikukuu. Benki iko pale, mnada uko pale, na watu hupita wakisukumana au husimama tu wakipiga soga. Mchezaji huanza levo ya 1 na kupanda hadi 60, ambayo ndiyo ilikuwa kilele wakati huo. Wa levo ya juu alikuwa na pointi za uhai elfu kadhaa, mgeni alikuwa na mia chache au chini ya hapo. Kila mmoja alikuwa na jiwe la uchawi la kumrudisha mjini papo hapo hata akiwa upande wa pili wa dunia. Baadhi ya wachezaji, wawindaji kwa mfano, walikuwa na wanyama wanaopigana pamoja nao, ambao mwenyewe anaweza kuwaondoa na kuwaita tena apendapo. Na mijini kulikuwa na wauza duka na walinzi ambao hawaendeshwi na mtu yeyote. Hao ni kompyuta tupu.

Kisha kuna kifo. Mchezaji akifa, roho yake huibukia makaburini, hukimbia hadi ulipolala mwili wake, huuvaa tena na maisha yanaendelea. Hasara ni dakika chache na gharama ya kutengeneza mavazi na silaha.

Kilichotokea

Tarehe 13 Septemba 2005 kampuni iliongeza eneo jipya, Zul'Gurub, magofu ya hekalu msituni ambamo kundi la watu hadi 20 wangepambana na Hakkar, mungu wa damu. Silaha yake moja iliitwa Corrupted Blood, yaani damu iliyooza. Aliyepatwa nayo alipoteza mamia ya pointi za uhai kila baada ya sekunde chache, na aliyesimama karibu naye aliambukizwa. Kusudi lake lilikuwa la kimchezo tu: kuwalazimisha wapiganaji watawanyike badala ya kurundikana. Ukitoka hekaluni, laana inakwisha. Ndivyo walivyopanga.

Walisahau wanyama. Mnyama aliyeambukizwa vitani, mwenyewe akimwondoa ili asife, aliondoka na ugonjwa wake ukiwa vilevile. Bwana wake akirudi mjini na kumwita tena, siku hiyo au baadaye, mnyama alitokea katikati ya umati akiwa bado mgonjwa.

Wakubwa wa levo ya 60 waliumia na wengine wakapona. Wageni walianguka palepale kabla hawajajua kimewapata nini. Wauza duka na walinzi nao waliambukizwa, lakini hawakufa wala kuonyesha dalili. Waliendelea kusimama dukani na kuwapa ugonjwa wateja. Kwa lugha ya kitaalamu, hao ni wabebaji wasio na dalili, na hakuna aliyewapangia kazi hiyo. Mitaa ikajaa mifupa. Aliyekufa alifufuka, akakimbilia mwili wake, akaambukizwa tena palepale alipofia.

Hapo ndipo watu walipoanza kuonyesha jinsi walivyo. Waganga, yaani wachezaji wenye uwezo wa kuponya, walikimbilia mijini kutibu wasiowajua. Wasio na uwezo huo walisimama milangoni kuwaonya wanaoingia. Wengine walikimbilia vijijini, na baadhi yao walikwenda na ugonjwa. Wapo waliozima kompyuta wakasubiri yapite. Wapo waliosikia habari wakaja mbio kutazama, wakachungulia, wakaambukizwa, wakaondoka nao. Na wapo, kama ilivyo kila mahali, waliojiambukiza kwa makusudi na kwenda kusimama penye msongamano mkubwa zaidi.

Maamuzi na sababu zake

Kampuni ilianza na dawa ya zamani kuliko zote, karantini: waliougua watengwe na maeneo ambayo bado ni mazima. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake. Kuzima seva ni kuwafungia nje wateja wanaolipa, na kubadilisha programu kwa pupa kunaweza kuharibu kingine. Kumwomba mtu akae mbali hakugharimu kitu.

Karantini ilishindwa. Wataalamu waliokuja kukichambua kisa hiki walitaja sababu tatu: ugonjwa uliambukiza kwa kasi kubwa mno, hakukuwa na njia ya kuziba kabisa eneo lolote, na wachezaji wenyewe hawakutii. Sababu ya pili inastahili kutazamwa vizuri. Utaweka walinzi kwenye lango gani, ikiwa kila mkazi ana jiwe mfukoni la kumtoa msituni na kumweka sokoni kwa sekunde kumi?

Wachezaji nao walifanya maamuzi, na mengi yalikuwa na mantiki ukiyatazama kwa jicho la aliyeyafanya. Mganga aliyebaki mjini alifanya alichoitiwa na kazi yake. Aliyekimbia alilinda jioni yake isiharibike. Hata yule mwovu alikuwa na hesabu: hakuna sheria aliyovunja, hakuna aliyekufa kweli, na vicheko vilikuwa vya bure. Kulikuwa pia na mashaka yaliyowazuia wengi kuchukua hatua mapema. Hawakujua kama hili ni kosa la kiufundi au ni tukio lililopangwa na kampuni ili kuchangamsha mchezo. Kwa nini ukimbie sherehe?

Matokeo

Kampuni ilizizima seva na kuziwasha upya, na kurekebisha programu. Kufikia tarehe 8 Oktoba 2005 wanyama walikuwa hawashiki tena ugonjwa huo, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Mitaa ikasafishwa. Kila aliyekufa alikuwa hai, na hakuna aliyepoteza cha maana.

Kilichobaki ni maandishi. Mwaka 2007 Ran Balicer, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Israeli, aliandika kuhusu kisa hiki katika jarida la Epidemiology. Mwaka huohuo Eric Lofgren na Nina Fefferman wakachapisha uchambuzi wao katika The Lancet Infectious Diseases. Korona ilipofika 2020 kisa kikafufuliwa, na waandishi wa habari wakawatafuta Lofgren na Fefferman ambao sasa walikuwa wakishughulikia ugonjwa wa kweli.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ili kuona kwa nini wataalamu walishtuka, kumbuka wanachotumia siku zote. Tangu kazi ya wanasayansi Kermack na McKendrick mwaka 1927, modeli ya msingi ya mlipuko, yaani mfano wake wa kihesabu, huwagawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliotoka katika hesabu kwa kupona au kufa. Kisha hesabu huwasogeza kutoka fungu moja hadi jingine. Ni chombo kizuri sana. Ila mtu wa ndani yake ni kama punje ya mchele katika gunia: haogopi, hasikii uvumi wala hamchukii jirani yake.

Gemu za kuiga jamii zina udhaifu huohuo zikiwa zimevaa nguo nzuri. Will Wright alipotengeneza SimCity ya 1989, alichota sana kwenye nadharia ya miji ya Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, iliyochapishwa 1969. Ukipandisha kodi, wakazi wanahama. Wanahama kwa sababu mtengenezaji aliandika kwamba kodi ikipanda wahame. Anayejifunza siasa ya mji kwenye gemu hiyo anajifunza maoni ya Forrester na Wright kuhusu mji, na maoni hayo hayamo kwenye ramani, yamefichwa chini yake. Sisemi ni maoni mabaya. Nasema mkazi wa SimCity hawezi kumshangaza aliyemuumba.

Damu iliyooza iliwashangaza walioiumba. Mambo mawili hasa ndiyo yenye uzito.

La kwanza ni wale wachunguliaji. Fefferman alieleza kwamba udadisi huo, mtu kukimbilia penye janga aone kisha akimbie kutoka, haukuwa ndani ya modeli alizokuwa akizitumia, naye aliulinganisha na waandishi wa habari wanaoingia na kutoka katika maeneo ya hatari. Kwetu mfano uko karibu zaidi. Lori la mafuta likipinduka barabarani, nani hajaona watu wakilikimbilia? Modeli inayodhani kila mwenye akili hukimbia hatari haijawahi kuishi kando ya barabara kuu.

La pili ni waganga. Mtu angedhani wema wao ni faida tupu. Lakini mgonjwa aliyetibiwa nusu alibaki hai muda mrefu zaidi, akatembea zaidi na kuambukiza zaidi, na mganga mwenyewe akawa kituo cha ugonjwa. Huruma iliingia kwenye hesabu upande usiotarajiwa. Mpanga modeli anayegawa watu kuwa wema wanaozuia na wabaya wanaoeneza angelikosa hili kabisa.

Kuhusu wanyama na wauza duka sina mengi ya kusema, ingawa ndio hupewa nafasi kubwa kisa hiki kinaposimuliwa. Balicer aliona ulinganifu na ndege katika mafua ya ndege, na jiwe la kurudi nyumbani kwa kweli ni ndege ya abiria. Ulinganifu huo ni sahihi, lakini ni wa ugonjwa, na swali letu ni watu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Pingamizi la kawaida dhidi ya kisa hiki ni kwamba kifo cha mchezoni ni rahisi, hivyo watu walithubutu mambo ambayo wasingethubutu kweli. Ni pingamizi la haki, na Lofgren na Fefferman wenyewe hawakulikwepa. Lakini naona linaishia njiani. Linadhani kwamba tukiongeza tu uzito wa kifo, tukimfanya mchezaji apoteze kila kitu akifa, basi tabia itakuwa ya kweli. Hebu tulijaribu dhidi ya mlipuko halisi.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa wakiwa 3,470 na vifo 2,287. Kifo hapo hakikuwa rahisi hata kidogo. Na chanjo ilikuwepo, ikachanjwa kwa zaidi ya watu 300,000. Kwa hesabu ya "mtu akiogopa kifo atajihadhari", mlipuko huo ulipaswa kuwa mfupi. Ulikaribia miaka miwili.

Sababu ni nyingi, vita ikiwa mojawapo, lakini mbili zinagusa moja kwa moja kile ambacho gemu haikuwa nacho.

Ebola huambukiza kwa majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu ni hatari kuliko wa mgonjwa wa siku za mwanzo. Anayemgusa ni nani? Ni anayemlisha, anayefua shuka zake, anayemwosha akishakufa. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume miongoni mwa wagonjwa wa mlipuko ule, na anayejua nani huuguza nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi. Timu za afya zililazimika kubuni utaratibu wa mazishi salama yenye heshima, na neno "heshima" liliwekwa pale kwa sababu utaratibu usio na heshima ulikataliwa. Mtu alijua hatari, akamgusa mama yake hata hivyo. Hakuwa mjinga, wala mdadisi, wala mwovu, wala hata jasiri kwa maana ya mganga wa mchezoni aliyekuja kuwatibu wageni. Alikuwa mwana.

Sasa rudi Ironforge. Mitaa imejaa mifupa na watu wanairuka kwenda benki. Maiti wa mchezoni hana ndugu. Hakuna anayemdai, hakuna anayepiga simu ya msiba, hakuna anayesafiri usiku kumzika. Njia ya maambukizi iliyo kuu kuliko nyingi katika mlipuko wa kweli haimo kabisa, na wala haimo kwa sababu kifo ni rahisi. Haimo kwa sababu mtu wa mchezoni alizaliwa levo ya 1 bila mama. Ukiongeza adhabu ya kifo utapata watu waoga zaidi, hutapata watu wenye jamaa.

Jambo la pili ni imani. Mchezoni, shaka dhidi ya wenye mamlaka ilikuwa ndogo na ya kuchekesha: hivi hili ni kosa au ni tukio lenu? Katika miji ya Beni na Butembo, hukohuko Kivu Kaskazini, shaka hiyo ilikuwa na historia ya damu. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya urais katika maeneo hayo, ikitaja Ebola na usalama. Watu waliandamana, na kituo kimoja cha Ebola mjini Beni kikashambuliwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa vilevile. Mtu aliyeona kura yake ikiondolewa kwa jina la ugonjwa ana sababu ya kuuliza ugonjwa ni wa nani. Kampuni ya gemu iliposhindwa kuaminiwa ilibonyeza kitufe na dunia ikaanza upya. Hakuna serikali yenye kitufe hicho, kwa hiyo hakuna iliyowahi kuokolewa na uwezo wa namna hiyo dhidi ya kutoaminiwa kwake.

Hapa naona wasimulizi wetu wawili wanakosea pamoja. Kisa kinasifiwa kwa kuwa watu wake ni halisi. Ni kweli, vidole vilivyobonyeza vilikuwa vya watu halisi. Lakini kila mmoja aliingia mle akiwa peke yake, amevua ukoo, deni, ujirani na msiba wa mwaka jana mlangoni, kama viatu. Gemu ilipima vizuri jinsi mtu huru asiye na watu wake hutenda ugonjwa ukizuka. Watu wa namna hiyo wapo, hasa kwenye vituo vya mabasi na viwanja vya ndege. Sijawahi kuwaona wakijaza kijiji.

Kama ingejengwa upya

Nimewahi kujiuliza kingehitajika nini ili gemu ya namna hii ifundishe kweli. Picha nzuri zaidi hazingesaidia. Ningeanza na mwili: mchezaji akifa asifufuke mpaka mwenzake wa karibu aje ambebe kwa mikono hadi makaburini, na kikundi kisichozika wafu wake kipoteze jina mbele ya vingine. Ningempa kila mchezaji wawili watatu ambao akiwaacha peke yao wagonjwa mji mzima unajua. Kisha ningeifanya kampuni yenyewe kuwa mhusika wa ndani, yenye rekodi ya ahadi ilizotimiza na ilizovunja, ili inapotangaza karantini watu wakumbuke.

Oktoba 2008 kampuni ilijaribu jambo la karibu kidogo. Iliachia ndani ya World of Warcraft, safari hii kwa makusudi, ugonjwa uliogeuza wachezaji kuwa mazombi. Wapo walioufurahia sana. Wengi wengine walilalamika kwamba wamezuiwa kufanya shughuli zao za kila siku, kwamba hawakulipia kusumbuliwa, na baada ya siku chache ukaondolewa. Na huo ulikuwa ugonjwa wa mzaha, usiomlazimisha mtu kumzika yeyote.

Hiyo gemu yangu, ambayo ukiwa umechoka kutoka kazini inakudai ukamwoshe maiti wa rafiki huku ukijua utaugua, sidhani kama kuna atakayeilipia dola 15 kila mwezi.